Kuendesha seli ya oksidi mango ya chemba moja, kuanzia unga hadi volti

Seli ya chemba moja, yaani seli ya keramiki inayozalisha umeme kutokana na gesi ya mafuta na hewa, ikigoma kutoa volti, usianze kuilaumu seli. Angalia waya, kibanio, mrija na themokapo (kipima joto cha nyaya mbili), na kwa kila kimoja uliza kimetengenezwa kwa metali gani. Mimi ni fundi wa maabara ya keramiki huku Ujerumani, na wanafunzi wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi kuja kufanya utafiti wao hunijia na malalamiko yaleyale: "Dada, volti haipandi." Wengi wao wametengeneza seli safi kabisa. Tatizo liko kwenye vitu vilivyoizunguka. Haya niandikayo ni ya mtu mwenye maabara, tanuri la mrija, vidhibiti vya mtiririko wa gesi na kabati la kufyonza hewa chafu. Asiye navyo asome tu, asijaribu jikoni.

Inavyofanya kazi

Seli ya kawaida ya oksidi mango ina vyumba viwili. Upande mmoja inapita gesi ya mafuta, upande wa pili hewa, na katikati kuna elektroliti, yaani bamba la keramiki linalopitisha ioni za oksijeni. Vyumba hivyo hutenganishwa kwa kioo kilichoyeyushwa kwenye kingo za bamba, na kioo hicho ndicho kinachopasuka kwanza joto likipanda haraka. Seli ya chemba moja haina ukuta huo. Mafuta na hewa vinachanganywa kabla ya kuingia, mchanganyiko uleule unazigusa elektrodi zote mbili kwa pamoja, yaani anodi (ya upande wa mafuta) na kathodi (ya upande wa oksijeni), na bado umeme unatoka.

Siri ni kwamba elektrodi mbili hazifanani tabia. Anodi ya nikeli huichoma methani nusunusu: molekuli moja ya methani na nusu molekuli ya oksijeni zinatoa kaboni monoksidi moja na hidrojeni mbili. Oksijeni iliyo karibu na anodi inakwisha. Kathodi, kama umeichagua vizuri, haina habari na methani. Kazi yake ni kuchukua oksijeni na kuigeuza ioni. Basi huku oksijeni ni haba, kule ni tele, ioni zinavuka bamba kwenda kwenye uhaba, na tofauti hiyo ndiyo volti unayoisoma. Kathodi nayo ikianza kuchoma mafuta, au kitu kingine chochote mle ndani ya mrija kikianza kuyachoma, tofauti inafifia na volti inaporomoka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kila kinachogusa mchanganyiko ni kichocheo, yaani kinachochea mafuta kuungua, mpaka kithibitishwe kuwa sicho. Karibu kila agizo utakalolisoma hapa chini linatokana na sentensi hiyo.

Wazo lenyewe si geni. Van Gool alilieleza mwaka 1965, na Hibino na Iwahara wa Japani walionyesha mwaka 1993 kwamba methani iliyochanganywa na hewa inaweza kuendesha seli ya namna hii. Mwaka 2000 Hibino na wenzake walichapisha matokeo ya ethani na hewa, miliwati 403 kwa sentimita ya mraba tanuri likiwa nyuzi 500 za Selsiasi, na hapo watu wengi wakaanza kuichukulia kwa uzito. Mwaka 2005 Shao na Haile wa Caltech, chuo cha Marekani, pamoja na wenzao walipanga seli mbili ndogo zinazotumia propani, zikajitunzia joto zenyewe bila tanuri na kutoa karibu miliwati 350 kwa volti 1.0, kiasi cha kuendesha kichezeo cha muziki cha mfukoni. Eneo la kathodi lilikuwa sentimita za mraba 1.42 tu.

Gesi kwanza, seli baadaye

Methani huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko. Propani ni kati ya 2.1 na 9.5. Mipaka hiyo imepimwa kwenye joto la chumba. Ndani ya tanuri inapanuka, na tanuri lenyewe lina joto la kutosha kuwasha gesi bila cheche yoyote. Kwa hiyo usalama wetu hautokani na kukosekana kwa moto. Unatokana na uwiano, na udogo wa nafasi ambamo gesi imekaa.

Tunafanya kazi upande wa mafuta mengi. Uwiano wa kuanzia ni methani 2 kwa oksijeni 1, uleule wa mmenyuko wa anodi. Ukipitisha mililita 100 za methani kwa dakika, unahitaji mililita 50 za oksijeni, yaani kama mililita 238 za hewa. Methani hapo ni karibu asilimia 30 ya mchanganyiko, mbali na mpaka wa juu. Ukishuka hadi 1 kwa 1, hewa inafika mililita 476 na methani inabaki asilimia 17 na kidogo. Kwenye karatasi bado uko juu ya 15. Kwenye mrija wa nyuzi 650 usijipe uhakika huo. Mwanafunzi mpya simruhusu kushuka chini ya 1.5 nikiwa sipo chumbani.

Sasa mpangilio wa vali, na hapa naomba uniazime masikio yote mawili. Pasha tanuri huku nitrojeni ikipita. Joto likishafika, fungua methani iingie ndani ya nitrojeni. Kisha ndipo uongeze hewa, taratibu, hadi uwiano wa 2. Kwa njia hii mchanganyiko unaanza ukiwa na mafuta matupu na unashuka kuelekea unapopataka, bila kuingia kwenye eneo la mlipuko. Ukianza na hewa kisha ukaleta methani, utalivuka eneo lote kuanzia asilimia 5 hadi 15 ndani ya mrija uliowiva. Wakati wa kuzima ni kinyume chake: hewa inafungwa kwanza, methani inafuata, nitrojeni inabaki ikipita mpaka tanuri lipoe chini ya nyuzi 200. Katika sekunde chache ambazo methani imebaki bila hewa, masizi kidogo yanaweza kutua kwenye nikeli. Yaache yatue. Masizi kidogo ni afadhali mara mia kuliko kishindo.

Punguza nafasi tupu. Mrija wangu wa kwatsi una kipenyo cha ndani cha milimita 20, na mbele na nyuma ya seli tunajaza vipande vya kwatsi ili mwali usipate pa kukimbilia. Hewa na mafuta vinakutana kwenye kiungo chembamba karibu kabisa na mlango wa tanuri, si mita mbili nyuma yake. Kila mstari wa gesi una kizuia mwali na vali ya kuzuia kurudi nyuma. Upande wa kutokea usiubane: bomba la kutolea liwe pana, liende moja kwa moja kwenye kabati la kufyonza. Viungo vyote vijaribiwe kwa maji ya sabuni huku nitrojeni ikipita, kabla chupa ya methani haijafunguliwa.

Na gesi zinazotoka, tafadhali. Seli ikifanya kazi vizuri inamwaga kaboni monoksidi na hidrojeni. Kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta huhisi kichwa kizito na usingizi tu, hapati onyo jingine. Kengele yake iwepo chumbani na iwe inafanya kazi. Nimekuta kengele imechomolewa kwa sababu "inapiga kelele bure". Siku ile sikutaka maelezo, nilizima tanuri.

Kutengeneza seli yenyewe

Kwa seli ya kwanza chagua muundo ambao elektroliti nene ndiyo inayobeba elektrodi. Haitoi umeme mwingi, lakini haikusumbui. Unga niupendao ni seria (oksidi ya seriamu) yenye samariamu, ambao kwenye vifurushi huandikwa SDC. Kama utafanya kazi kwenye nyuzi 700 hadi 800, tumia zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) yenye itria, YSZ. Ukiwa kati ya 500 na 650, seria ndiyo yako, kwa sababu kwenye nyuzi 600 inapitisha ioni vizuri kuliko zirkonia. Juu ya hapo seria inaanza kupoteza oksijeni yake mahali penye mafuta, inapitisha elektroni pia, na volti inavujia ndani kwa ndani.

Pima unga, umwage kwenye kalibu ya chuma, sawazisha uso kwa kugonga ubavu wa kalibu kidogo, kisha bana taratibu. Usiachie shinikizo ghafla. Hewa iliyonaswa ndani hutoka kwa nguvu na kidonge kinakatika tabaka mbili kama chapati. Choma kwenye nyuzi 1400 kwa saa kadhaa, ukipandisha joto polepole. Kipenyo kitapungua karibu moja ya tano, kwa hiyo chagua kalibu ukijua hilo. Baada ya hapo msasa, mpaka kidonge kiwe na unene wa nusu milimita.

Anodi ni oksidi ya nikeli asilimia 60 kwa uzito na SDC asilimia 40. Ongeza wanga wa mahindi kidogo, huu wa dukani, kwa sababu unapoungua huacha matundu ambayo gesi itapitia. Changanya na terpineoli (kiyeyushi) iliyoyeyushwa ndani yake ethili selulosi (gundi) mpaka upate rojo inayoteremka kijitini bila kukatika. Chapa kwa skrini (wavu wa kuchapia) kwenye uso mmoja wa kidonge, kausha, choma karibu nyuzi 1300. Vaa barakoa na glavu tangu unafungua kopo la oksidi ya nikeli: vumbi lake husababisha saratani, na unga ukishaelea hewani huuoni.

Kathodi inakuja ya pili kwa sababu inachomwa kwenye joto dogo zaidi, karibu nyuzi 950 hadi 1000 kwa zile za kobalti. Ukiitanguliza, moto wa anodi utaifunga matundu yote. Uchaguzi wa kathodi ndio unaoamua seli yako itaishi kwenye joto gani. Manganaiti ya lanthanamu na strontiamu, LSM, ni mvivu wa kuchoma mafuta, na kwa chemba moja uvivu huo ni sifa; lakini inahitaji joto kubwa ili ishughulike na oksijeni. Zile za kobalti, kama ya samariamu na strontiamu, zinachangamka kwenye nyuzi 500 na 600, ila ukizidi kupandisha joto zinaanza kuchoma mafuta nazo. Kwa hiyo LSM iende na zirkonia na joto kubwa, kobalti iende na seria na joto dogo. Usizichanganye kwa sababu tu kopo ndilo lililokuwepo kabatini.

Kabla ya kuamini maneno yangu au ya muuzaji, ijaribu kathodi peke yake. Weka kiasi kidogo cha unga wake kwenye mrija, bila seli, pitisha mchanganyiko wa methani na hewa, pandisha joto hatua kwa hatua, na upime kaboni dioksidi inayotoka kwa kromatografu ya gesi, kifaa kinachotenganisha gesi na kupima kila moja. Joto ambalo kaboni dioksidi inaanza kupanda ndiyo dari ya kathodi hiyo. Rudia mrija ukiwa mtupu kabisa ili ujue mrija wenyewe unachoma kiasi gani. Jaribio hili linakula siku nzima na wanafunzi hawalipendi. Mimi silisamehe.

Waya, kibanio, themokapo

Waya na wavu wa kukusanya umeme viwe vya dhahabu. Platinamu, ambayo kwenye seli za kawaida ndiyo mfalme, hapa ni adui: inachoma mafuta kwa furaha upande wowote utakapoiweka. Fedha inavumilika kwenye joto dogo, lakini inatembea na kugeuka mvuke taratibu, na kwa kuwa yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 962 huwezi kuichoma pamoja na kathodi. Dhahabu inayeyuka kwenye 1064 na haina hamu ya kuchoma kitu. Waya wetu unafungiwa kabatini na unapimwa kwa mizani unapotoka na unaporudi.

Kulikuwa na mwanafunzi ambaye seli yake ilisimama kwenye volti 0.4 wiki nzima. Elektroliti ilikuwa nzima, anodi ilikuwa imegeuka rangi vizuri, uwiano ulikuwa sawa. Nilimwomba atoe kila kitu mrijani na kukipanga mezani juu ya karatasi nyeupe. Kulikuwa na kibanio kidogo cha chuma cha pua kilichoshika kidonge kisianguke, kimepata rangi ya buluu na kahawia, na pembeni yake kulikuwa na doa la masizi. Chuma cha pua mara nyingi kina nikeli ndani yake, na kibanio kilikuwa kimekaa milimita chache mbele ya kathodi, kikiichomea mafuta na kula oksijeni yake. Tulikibadilisha kwa kijiti cha alumina na nyuzi za keramiki. Siku iliyofuata volti ilisoma 0.78.

Themokapo ndiyo inayosahaulika zaidi. Aina ya K, ambayo kila maabara inayo, imetengenezwa kwa aloi mbili ambazo sehemu kubwa ni nikeli. Ikiwa wazi ndani ya mchanganyiko inawasha gesi kwenye ncha yake, kisha inakusomea joto la moto iliouwasha yenyewe. Aina ya S ni platinamu, na hiyo ni balaa zaidi. Itie kwenye ala ya alumina iliyofungwa ncha, kisha isogeze hadi milimita moja au mbili kutoka kwenye anodi.

Kidonge kiweke sambamba na mtiririko, kingo zikiukabili upepo, ili uso wa anodi na uso wa kathodi vikutane na gesi mbichi kwa wakati mmoja. Kama umechapa elektrodi zote mbili kwenye uso mmoja, bega kwa bega, hakikisha kathodi haiko nyuma ya anodi kwenye njia ya gesi. Ikiwa nyuma, italetewa hidrojeni na kaboni monoksidi zilizotoka kwa mwenzake, na hizo hata kathodi mvivu inazichoma.

Kuiamsha nikeli

Anodi uliyoichoma bado ni oksidi ya nikeli, na rangi yake ni kijani. Haitafanya kazi mpaka oksijeni itolewe ibaki nikeli, ambayo ni kijivu. Kwenye seli ya vyumba viwili ungepitisha hidrojeni upande wa anodi na mambo yangekwisha. Hapa hidrojeni itaigusa kathodi pia, na kathodi za kobalti zinavunjikavunjika ndani ya hidrojeni. Wengine hufikiri wataitayarisha anodi kwanza, kisha wachome kathodi baadaye. Haiwezekani: kathodi inachomwa hewani, na nikeli itarudi kuwa oksidi, ivimbe na kupasua seli.

Njia iliyobaki ni kuiamsha ndani ya mchanganyiko wenyewe. Pandisha tanuri hadi nyuzi 700 na zaidi kidogo, weka uwiano wa 2, na usubiri ukitazama mita. Mwanzo volti ni karibu sifuri. Kisha inaanza kuyumba, na ghafla inapanda hadi 0.6 au 0.7, na papo hapo themokapo inaruka juu ingawa hujagusa tanuri. Mruko huo wa joto ndio ushahidi kwamba nikeli imeanza kuichoma methani. Ukishauona, shusha tanuri hadi kwenye joto lako la kazi. Usiiache kathodi ya kobalti kwenye joto hilo kubwa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kama dakika zinakwenda na volti imelala, pandisha tanuri nyuzi 20 au 30 nyingine kabla ya kubadilisha uwiano. Methani ina molekuli ngumu, haivunjiki kirahisi. Propani inaamka mapema zaidi, ila nayo inaacha masizi haraka zaidi.

Kusoma namba bila kujidanganya

Volti ya seli isiyobeba mzigo, kwa chemba moja, nzuri ni kati ya 0.7 na 0.9. Usiilinganishe na ile volti moja na zaidi ya seli za vyumba viwili. Ikiwa chini ya 0.5, rudi kwenye waya na vibanio. Ikiwa inapanda na kushuka kwa mdundo, kila sekunde kadhaa, nikeli inageuka oksidi na kurudi. Ongeza mafuta kidogo au punguza hewa mpaka itulie. Usiiache ikidunda usiku kucha, maana kila mdundo ni uvimbe na msinyao.

Joto unaloandika kwenye daftari lisiwe la tanuri peke yake. Kuchoma methani nusunusu kunatoa kilojuli 36 kwa moli. Kuichoma kabisa kunatoa kilojuli 802. Hata sehemu ndogo ikiungua kabisa, seli inapata joto makumi ya nyuzi juu ya tanuri, na nimeona tofauti ya zaidi ya nyuzi 100. Kwa hiyo unaposoma makala inayosema "nyuzi 500", uliza: za tanuri au za seli? Kuna njia nzuri ya kupata joto la seli yenyewe. Kabla ya kuleta mafuta, pima kwa impidansi (kipimo kinachotumia mkondo geu) ukinzani wa elektroliti hewani kwenye joto mbalimbali na uchore mstari. Baadaye, seli ikiwa kazini, pima ukinzani huo tena na usome joto kwenye mstari wako. Kwa zirkonia inakwenda vizuri. Kwa seria ichukulie kwa tahadhari, kwa sababu elektroni zinazovujia ndani zinaufanya ukinzani uonekane mdogo na seli ionekane ya moto kuliko ilivyo.

Ukiwa na potenshiostati, kifaa cha kudhibiti volti na kupima mkondo, shusha volti taratibu kutoka juu hadi 0.2 na uandike mkondo kila hatua. Huna? Rezista kadhaa na mita mbili zinatosha. Kabla ya kuanza, piga hesabu ya unachotegemea. SDC kwenye nyuzi 600 ina upitishaji wa karibu 0.02 kwa kipimo cha simensi kwa sentimita. Kidonge cha nusu milimita chenye eneo la sentimita moja ya mraba kina ukinzani wa omu 2.5. Kwa volti 0.8, nguvu ya juu kabisa, hata elektrodi zikiwa za malaika, ni 0.8 mara 0.8 gawanya kwa mara nne ya 2.5: miliwati 64. Ukipata 30 uko vizuri. Ukipata 150 kuna kitu kimepimwa vibaya, au seli yako ina joto kuliko unavyodhani. Mamia ya miliwati yanakuja kwa elektroliti nyembamba ya makumi ya mikroni juu ya anodi nene, na hiyo ni kazi ya seli ya pili.

Hesabu ya mwisho watu huiruka kwa sababu inauma. Mililita 100 za methani kwa dakika, zikitoa elektroni zote nane za kila molekuli, zingetoa mkondo wa ampea 52 hivi. Seli yako inatoa ampea 0.1. Umetumia chini ya asilimia 0.2 ya mafuta. Yaliyobaki yamepita pembeni au yameungua bure. Kwa kidonge kimoja ndani ya mrija mpana hali ndiyo hiyo, na ufanisi wa seli hizi kwa ujumla ni mdogo. Iandike hiyo namba kwenye ripoti yako pia, karibu na ile ya miliwati. Mimi naona mahali pa seli hizi ni pale ambapo joto na gesi vinapotea tayari, au ambapo udogo na wepesi wa kuwaka ni muhimu kuliko mafuta. Kwa mtambo wa kuwashia mtaa, vyumba viwili bado ndivyo vyenyewe.

Gesi ya mtungi na bayogesi

Hili huulizwa na kila anayetoka nyumbani: je, naweza kutumia gesi ya kupikia? Ndani ya mtungi kuna propani na butani, ambazo kwa kanuni zinafaa. Tatizo ni ile harufu. Imewekwa makusudi ili mvujo ujulikane, na dawa ya harufu hiyo ina salfa. Nikeli ikishikwa na salfa inalala, volti inashuka siku baada ya siku, na ukipandisha joto inarudi kidogo tu. Bayogesi ya samadi ina methani na kaboni dioksidi, na kaboni dioksidi haina ubaya, tena inasaidia kuzuia masizi. Lakini ina hidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza, na kiasi chake ghafi ni kikubwa kuliko nikeli inavyoweza kustahimili.

Dawa ni kuipitisha gesi kwanza kwenye safu ya oksidi ya chuma, kisha kwenye mkaa ulioamshwa, na kuibadilisha safu kabla haijajaa. Kwa bayogesi oksidi ya chuma inafanya kazi kubwa. Kwa gesi ya mtungi ni mkaa. Kumbuka kwamba gesi ya mtungi ikishasafishwa haina tena harufu ya kukuonya, kwa hiyo kuanzia hapo kigunduzi cha gesi kinakuwa lazima. Kumbuka pia kwamba uwiano unabadilika: propani moja inataka oksijeni moja na nusu, si nusu, na ukiiweka kwa hesabu ya methani utaupata mrija wako umejaa masizi meusi hadi mlangoni. Butani inataka mbili. Na kwa kuwa mtungi ukiendelea kupungua, propani hutangulia kutoka na butani hubaki nyuma, ule uwiano uliouweka mtungi ukiwa mpya si wa kuuamini mtungi ukikaribia kwisha, pima tena.